Feni Ndani ya Helmeti, Beseni Kando ya Uwanja

Agosti 2021 wachezaji wa Chuo Kikuu cha Louisiana State, maarufu kama LSU, walianza kuonekana na helmeti zenye feni. Ni kifaa kidogo cha betri kilichobuniwa na kampuni changa iitwayo Tigeraire. Kinapachikwa kwenye helmeti na kumpulizia mchezaji hewa kichwani huku akiendelea na shughuli zake. Mwanangu Salim alinionyesha video yake kabla sijavua viatu vya kazini. "Mama, ona, AC ya kichwani!" Halafu, kama watoto wote wa umri wake, akataka kujua tutanunua lini.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi jirani na Atlanta, jimbo la Georgia. Usiku natunza wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na msimu wa mpira ukifika mimi ni mmoja wa wazazi wanaobeba barafu. Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili, ambao watu 11 wanakabiliana na 11 wakiwa wamevaa kama wanaokwenda vitani. Salim ana miaka 16 na kilo zake zinakaribia 120, kwa hiyo kocha alipomwona tu alimweka mstari wa mbele. Watu wa mstari wa mbele hawafungi pointi na hakuna anayeimba majina yao. Kazi yao ni kugongana na jitu la upande wa pili kila mpira unapoanzishwa, ili lisimfikie mrusha mpira. Nawaeleza haya kwa sababu kwenye habari ya joto, hao ndio wanaokufa.

Sikuyajua hayo siku nilipotia saini fomu yake ya kwanza. Niliyajua kwa kusoma, na kwa kumuuliza maswali mtaalamu wa afya ya wachezaji pale shuleni, dada mmoja mpole ambaye watoto wanamwita treina.

Misuli ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika, robo tatu au zaidi, hugeuka kuwa joto. Damu inalibeba joto hilo hadi kwenye ngozi, na huko jasho ndilo linaloliondoa. Lakini jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini inaondoka na zaidi ya kilokalori 500 za joto. Lita hiyo hiyo ikichuruzika mpaka kwenye soksi, umepoteza maji bure. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili: Februari ya kaskazi unaoga, unajifuta, na kabla hujamaliza kujifunga kanga umeshalowa tena. Agosti ya Georgia ni hivyo hivyo, ila huku upepo wa bahari haupo.

Sasa mvike mtu wa namna hiyo helmeti ya kilo mbili hivi yenye vyuma usoni, pedi za mabega zinazofunika kifua na mgongo, pedi za mapaja na magoti, suruali ya kubana, glavu. Ni wali uliopaliwa, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Mwaka 1969 watafiti wa Kimarekani waliwakimbiza vijana kwenye mashine kwa nusu saa, mara wakiwa na kaptula na begi mgongoni lenye uzito sawa na vifaa vya futiboli, mara wakiwa na vifaa vyenyewe. Uzito ni ule ule, lakini waliovaa vifaa joto la ndani lilipanda zaidi na lilichelewa kushuka baada ya kupumzika. Kumbe si uzito tu unaomchosha mtoto. Ngozi yake imenyimwa hewa.

Ndiyo maana fikra ya kupitisha hewa kwenye helmeti ina mantiki, na wala si ya jana. Helmeti ya plastiki iliingia sokoni mwaka 1939 kupitia kampuni ya Riddell, ikaziondoa zile za ngozi. Tangu hapo wabunifu wamekuwa wakivutana na mambo mawili yasiyopatana. Kulinda ubongo kunataka sponji nene inayokumbatia kichwa kila upande, na kupoza kichwa kunataka uwazi. Helmeti za siku hizi zina matundu juu na nyuma, lakini ukiishika mkononi na kuchungulia ndani unaona matundu mengi yanaishia kwenye pedi. Hewa inapita pale tu pedi zilipoachana. Kisha zikaja sponji za kuvalisha juu ya helmeti, zinazotengenezwa hapa hapa Georgia, ambazo ligi ya kulipwa, NFL, ilianza mwaka 2022 kuwalazimisha baadhi ya wachezaji kuzivaa kambini ili kupunguza kishindo cha kugongana. Unaziona, unajiuliza kama kichwa kitapumua kweli.

Yako pia mambo ya vyeti. Helmeti huku hupimwa kwa viwango vya chombo kiitwacho NOCSAE, kilichoanzishwa mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya msimu uliokuwa na vifo 36. Cheti kinahusu helmeti kama ilivyotoka kiwandani. Ukibandika kitu ambacho hakikupimwa pamoja nayo, cheti kinaweza kukosa maana. Kwa hiyo mzazi usimruhusu fundi wa mtaani kumtobolea mwanao helmeti apachike feni ya kompyuta. Msicheke, kuna baba mmoja tuko naye pale uwanjani alikuwa ameshaanza kupima kwa rula.

Basi feni inafaa au haifai? Jibu linategemea unataka ipoze nini. Kichwa na uso ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ngozi yote ya mwili, pengine chini ya hapo. Yale maneno kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli. Hata hivyo uso na kichwa vinahisi joto kwa ukali kuliko sehemu nyingi za mwili, na kuvipuliza kunaleta raha ya haraka. Tafiti za kupoza uso na kichwa zimeonyesha mara nyingi kwamba mtu anajisikia vizuri zaidi na kazi anaiona nyepesi, lakini joto la ndani, lile la moyoni, tumboni na kwenye ubongo, linapungua kidogo au halipungui kabisa.

Hapo ndipo mimi ninapopata wasiwasi. Kujisikia vibaya ni kengele. Kijana wa kilo 120 anayejisikia vizuri kichwani ataongeza mbio, naye joto linampanda kifuani bila yeye kujua. Sisemi feni hiyo ni mbaya. Wakati wa mapumziko, kivulini, helmeti ikiwa imevuliwa na maji mkononi, hewa yoyote ya baridi ni neema. Ligi za matajiri zina mabenchi yanayopuliza hewa baridi na feni kubwa zinazorusha ukungu wa maji. Huko Miami walipokarabati uwanja wao wakauezeka paa ambalo jua la mchana linawaacha wenyeji kivulini na kuwachoma wageni. Ujanja huo sijui niuite fitina au ukarimu wa nyumbani. Ila vyote hivi ni vya starehe na vya kusaidia mchezo. Kuokoa maisha ni habari nyingine.

Hesabu ya vifo yenyewe inashangaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia waliorodhesha wachezaji wa futiboli 58 waliokufa kwa joto kuanzia 1980 hadi 2009. Wengi walikuwa watu wa mstari wa mbele, wenye miili mikubwa. Vifo vingi vilitokea Agosti, siku za mwanzo za mazoezi, na zaidi ya nusu vilitokana na mazoezi ya asubuhi, wakati ambao makocha waliuchagua wakiamini kuna ubaridi. Asubuhi jua ni dogo, lakini hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki. Tena mwili mkubwa unatengeneza joto jingi na una ngozi kidogo ya kulitolea ukilinganisha na uzito wake. Nilipoisoma hiyo nilimwangalia Salim akila ugali wake, nikanyamaza.

Anayetajwa kuliko wote ni Korey Stringer, mtu wa mstari wa mbele wa Minnesota Vikings. Tarehe 31 Julai 2001 alianguka mazoezini huko Mankato. Alipofikishwa hospitali joto lake lilikuwa nyuzi 42.7 za Selsiasi, na usiku ule ule, saa za kuamkia Agosti 1, akafariki. Alikuwa na miaka 27. Timu ya kulipwa, yenye madaktari na fedha, na mtu akafa kwa joto. Mkewe Kelci aliwashtaki wengi, wakiwemo watengenezaji wa helmeti na pedi zake, akidai walipaswa kuonya kwamba vifaa hivyo vinahifadhi joto. Jina la mumewe leo liko kwenye taasisi iliyofunguliwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Connecticut, inayoongozwa na Douglas Casa, ambaye mwenyewe alinusurika kiharusi cha joto mwaka 1985 akiwa kijana wa miaka 16 kwenye mbio za kilomita 10.

Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani linapopita nyuzi 40 hivi na ubongo unaanza kuvurugika. Mchezaji anayumba, anajibu ovyo, anatukana watu anaowaheshimu, anasahau siku, au anazimia. Vitabu vya zamani vilitufundisha sisi watunza wagonjwa tutazame ngozi kavu. Kwa mzee aliyefungiwa chumbani wakati wa joto kali, ndiyo, huenda ukamkuta mkavu. Kijana aliyeanguka mazoezini anaweza kuwa anatiririka jasho na bado yuko kwenye kiharusi. Ukisubiri akauke, umechelewa.

Dawa yake ni ya kizamani mno: beseni la maji ya barafu. Unamzamisha mpaka shingoni, maji yanakorogwa muda wote, mtu mmoja anashika kichwa kisizame. Maji ya barafu yanaweza kushusha nyuzi moja ya Selsiasi kila dakika tano hivi, na lengo ni kumteremsha chini ya 40 ndani ya nusu saa tangu aanguke. Kwenye mbio za barabarani za Falmouth, Massachusetts, wahudumu waliwazamisha namna hii wakimbiaji 274 wenye kiharusi cha joto katika kipindi cha miaka 18, na wote walipona. Hakuna feni inayokaribia hapo.

Beseni letu si la hospitali. Ni lile la plastiki ngumu nyeusi ambalo wafugaji wa huku wanawanyweshea ng'ombe na farasi, la lita karibu 400, tulilinunua duka la pembejeo. Linakaa kivulini kando ya uwanja, nusu limejaa maji, na pembeni yake masanduku ya barafu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuchukua ya kutia kwenye soda. Treina anatufanyisha mazoezi ya kulitumia. Shuka linapitishwa kifuani mwa mtoto chini ya makwapa, watu wawili wanalivuta kwa nyuma, wawili wanashika miguu, mmoja nyonga. Salim amewahi kujitolea awe mgonjwa. Alipoingizwa majini alipiga yowe hadi wachezaji wa timu ya soka uwanja wa pili wakaacha mpira wao kuja kutazama, na mimi, mama yake, nilikuwa nimeshika mguu wa kushoto nacheka mpaka nguvu zinaniisha. Treina hakucheka. Alikuwa na saa mkononi, akatuambia tumechelewa, turudie.

Kanuni yake ni poza kwanza, safirisha baadaye. Gari la wagonjwa linaitwa mara moja, lakini likifika linasubiri mpaka mtoto ameshapoa. Kwetu sisi tuliozoea kumkimbiza mgonjwa hospitali kwa bajaji, hili ni gumu kulikubali. Kifo cha Jordan McNair kinaonyesha sababu yake. Alikuwa na miaka 19, mtu wa mstari wa mbele wa Chuo Kikuu cha Maryland. Tarehe 29 Mei 2018 alizidiwa wakati wa mbio za mazoezi, na Juni 13 akafariki. Uchunguzi ulioagizwa na chuo chenyewe ulionyesha kwamba joto lake halikupimwa pale uwanjani wala hakuzamishwa kwenye maji ya barafu. Rais wa chuo alisimama hadharani akakubali kwamba chuo kinabeba dhamana ya kisheria na ya kimaadili.

Kabla ya kufika kwenye beseni kuna ngazi kadhaa za kuzuia, na hapa sina budi kuisifu Georgia. Tangu 2012 shule za sekondari zinafuata kipimo kinachoitwa WBGT. Asili yake ni jeshi. Kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya makuruta wa wanamaji waliokuwa wakianguka kwa joto kwenye kambi ya Parris Island, Carolina Kusini. Kifaa cha shuleni kinasimama kwenye miguu mitatu, hakizidi urefu wa kiganja, kina kidude cheusi cha mviringo kinachonyonya jua na feni ndogo ya kuhisi upepo. Kwenye hesabu yake unyevu unabeba asilimia 70, mionzi ya jua 20, na joto la hewa la kawaida 10 tu. Ndiyo maana utabiri wa hali ya hewa kwenye simu hautoshi. Simu inakupa ile asilimia 10, tena ya uwanja wa ndege, wakati mtoto anakimbia kwenye nyasi bandia ambazo siku ya jua kali zinapita nyuzi 60.

Kifaa kikisoma 87 za Farenhaiti, yaani 30.6 za kwetu, mazoezi hayazidi saa mbili na vifaa vinabaki helmeti, pedi za mabega na kaptula. Kikifika 90, saa moja tu, na vifaa vyote vya kujikinga vinavuliwa, helmeti ikiwemo. Kikipita 92, ambazo ni nyuzi 33.3, hakuna mazoezi ya nje. Nimemwona kocha mkubwa, mwenye sauti ya kutisha, akitazama kile kidude na kuwaambia vijana wavue helmeti bila ubishi. Hiyo ndiyo teknolojia ya helmeti ninayoiamini kuliko zote: kuivua.

Helmeti yenyewe inaingizwa polepole msimu unapoanza. Siku za kwanza helmeti peke yake, kisha pedi zinaongezwa, na mwisho ndipo vifaa kamili. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto: jasho linaanza mapema, chumvi inayopotea inapungua, damu inaongezeka maji. Kijana aliyekaa Julai yote chumbani na michezo ya video hawezi kuvikwa kila kitu Agosti mosi kwa kuwa tu ana jina la mwanamume.

Maana ugonjwa mkubwa zaidi wa mchezo huu ulikuwa wa fikra. Kwa miaka mingi makocha waliamini maji yanamlegeza mchezaji. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant aliipeleka timu ya Texas A&M huko Junction, Texas, kwenye ukame, akawanyima maji mazoezini, na hadithi ile ikaja kusimuliwa kama ya ushujaa ingawa kijana mmoja nusura afe. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1965, kocha msaidizi wa Chuo Kikuu cha Florida alipomuuliza daktari wa figo, Robert Cade, kwa nini wachezaji hawakojoi wakati wa mechi. Jasho lilikuwa limechukua maji yote. Cade na wenzake wakachanganya maji, chumvi, sukari na limau, ikazaliwa Gatorade. Maji ni muhimu, lakini mtu anaweza kunywa vizuri na bado akapata kiharusi cha joto, kwa sababu chanzo ni kazi na vifaa, si kiu peke yake.

Jambo moja linatuhusu sisi wenye asili ya Afrika kwa karibu. Mtu mwenye kinasaba kimoja cha sikoseli, ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa, anaweza kuanguka kwenye mazoezi makali ya joto kwa sababu chembe zake za damu zinajikunja mundu. Mwaka 2006 Dale Lloyd wa Chuo Kikuu cha Rice alifariki hivyo, na kuanzia 2010 vyuo vya daraja la kwanza vikaanza kuwapima wachezaji. Shule za sekondari nyingi hazipimi. Wazazi wa pwani, wa Kanda ya Ziwa, wa Kongo, mpimeni mtoto na mwambieni treina majibu. Mchezaji wa namna hiyo hakatazwi kucheza. Anapewa mapumziko marefu na anaruhusiwa kusimama bila kuulizwa.

Mwezi Julai nilikwenda na treina Clarkston, mji mdogo wenye wakimbizi wengi, kuzungumza na wazazi wanaosema Kiswahili. Mama mmoja wa Bukavu alianza na swali la msingi. "Mama Salim, juu ya nini batoto banavaa ile kofia na hii jua?" Nikaeleza kuhusu vichwa, kuhusu jasho, kuhusu beseni. Walikubali vyote, hata barafu. Tulikwama kwenye kipimajoto. Mtoto aliyefanya kazi ngumu huwezi kumpima mdomoni, kwapani, sikioni wala kwenye paji la uso ukapata ukweli, maana ngozi imelowa na mdomo umetoka kunywa maji baridi. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa. Ukumbi ulikuwa kimya, kisha wanaume wakaanza kukohoa. Nikawaambia kwamba anafunikwa shuka, anapimwa na mtaalamu peke yake, na kwamba dalili zikiwa wazi na kipimo hakipo, anazamishwa hivyo hivyo bila kusubiri.

Baba mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya pama, aliinua mkono. "Mama, na mwenye anapima, ni mwanaume ao mwanamuke?"

Nikamwonyesha treina, aliyekuwa ameketi pembeni anatabasamu bila kuelewa neno. Baba akamtazama, akaitazama fomu ya ruhusa, akamtazama mwanawe, mtoto wa mabega mapana aliyekuwa amejificha nyuma ya simu.

"Basi apime," akasema, akaomba kalamu. Mtoto ndiye aliyetoka nje.